Mwambie Mkwe Akanyage Mara Mbili

Kuna wanaume wanaowaonea wivu wake zao kwa sababu ya simu zinazoita jioni. Mimi nilimwonea wangu kwa sababu ya gia. Nalisema hadharani kwa kuwa majirani zetu pale Uyole wanalijua, na wale waliokuwa hawalijui mama yangu ameshawasimulia kwenye kwaya.

Gari lenyewe ni la baba. Ni gari dogo la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, ambalo alilinunua Iringa enzi akiwa bwana shamba wa chai huko Kilolo, kabla mimi sijazaliwa. Gia yake haiko sakafuni kama kwenye magari ya watu. Iko kwenye usukani, mkono mwembamba wa chuma uliochomoza upande wa kushoto. Unauvuta kwako, unausukuma mbele, unaupandisha, unaushusha, na muda wote huo macho yako yawe barabarani. Bushi zake zimelika, kwa hiyo mkono unacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Na gia namba moja haikubali kuingia gari likiwa linatembea mpaka uibembeleze: unakanyaga klachi, unaweka fri, yaani bila gia yoyote, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Baba anaita kukanyaga mara mbili. Ukikosea, giaboksi inalia mpaka unaisikia kwenye fizi.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume. Tangu nina akili nilijua kwamba baba akichoka, gari lile ni langu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, ila sikuona nani mwingine angelichukua. Basi goti lake la kushoto lilipoharibika, goti la klachi, na akalivalisha gari turubai kule uani, niliona zamu yangu imefika. Nilisubiri kwa adabu, kama wiki mbili hivi, kisha nikamwomba anifundishe.

Baba si mtu wa maneno. Mimi na yeye tumeishi kwa salamu, habari za mvua, na "mpe mama yako simu". Sikuwa namlaumu, kwa sababu baba za marafiki zangu nao walikuwa vilevile. Lakini nilikuwa na hamu moja, na niiseme wazi hapa mwanzoni: nilitaka siku moja aketi pembeni yangu katika gari lile, nipange gia vizuri, aniambie nimefanya vizuri. Hilo tu. Nilikuwa nimeshapita umri wa kutaka vitu vya namna hiyo, nina duka langu la vifaa vya umeme Mwanjelwa na wafanyakazi wananiita bosi, na bado nililitaka.

Tatizo ni kwamba nilijifunzia udereva kwenye gari la Kijapani la otomatiki, ambalo kazi yako ni kukanyaga na kuachia. Mguu wangu wa kushoto haukuwa na kazi miaka yote hiyo na ulikuwa umezoea uvivu. Kila nilipotaka kushuka kutoka namba mbili kwenda moja, gari lilipiga kelele.

"Umelisaga," baba alisema.

Nikajaribu tena.

"Umelisaga."

Alisema hivyo Jumapili ya kwanza, akasema Jumapili ya pili, na Jumapili ya tatu hakulisema tena. Aliniambia nisimame, akafungua mlango, akashuka, akatembea na goti lake bovu kupandisha mlima mpaka nyumbani. Mimi nilimfuata kwa namba mbili na gari likisinzia na kushtuka njia nzima. Mama alikuwa ameshika mdomo mlangoni. Funguo zikarudi mfukoni mwa baba na turubai likarudi juu ya gari.

Sasa lazima nieleze mila, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi mkono, haketi alipoketi, na akisikia anakuja anapisha njia. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi wengi mjini wameiacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja, lakini baba yangu hakuiacha. Kama anataka kumwambia mkwe jambo, anamtuma mtu. Mila yenyewe ina mlango wa kutokea: siku baba mkwe akiona inafaa, anampa mkwe zawadi ya maana, zamani ilikuwa ng'ombe, na kuanzia hapo wanaonana. Mke wangu alikuwa ameishi kwetu miaka bila kupewa hata kuku.

Yeye ni Mhehe wa Kilolo. Kwao wakwe wanaheshimiana bila kujificha hivi, lakini aliikubali mila yetu bila maneno. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini, na kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisahau kabisa ni kwamba baba yake mzazi alikuwa na lori la mbao. Mke wangu alikulia kwenye lori hilo. Aliliendesha yeye mwenyewe kwenye zile barabara za udongo za huko, mvua na jua, kabla hajaenda chuo.

Siku moja mama alitaka uwanja wa kuanikia maharage na gari lilikuwa limekaa palepale penye jua. Mimi nilikuwa dukani. Mke wangu akatoa turubai, akawasha, akalirudisha nyuma, akalizungusha, akalipandisha kichochoro cha nyuma na kulipaki kwa jirani. Baba alikuwa ndani amelala. Mama anasema aliketi kitandani ghafla.

"Nani huyo anaendesha?"

"Mkwe wako."

Baba akatega sikio. Kisha akasema, "Hajalisaga."

Nilipofika nyumbani jioni mama alinisimulia akicheka. Mimi nilicheka pia, kwa nje. Ndani kijiba cha roho kilikuwa kimeshaota.

Kuanzia Jumapili iliyofuata baba alianza darasa. Mwanafunzi hakuwa mimi. Alitoa kiti barazani, akakigeuza kiangalie ukuta ili asimwone mkwe, na mke wangu akawa anazunguka na gari ile njia ya kupandia kwetu na kurudi. Baba alifundisha kwa sikio. Mimi niliwekwa katikati, kwenye ua wa michongoma, kazi yangu ikiwa kupeleka maneno.

"Mwambie mkwe akanyage mara mbili kabla ya ile kona."

Nashuka mpaka barabarani. "Baba anasema ukanyage mara mbili kabla ya kona."

"Mwambie nimesikia."

Napanda. "Anasema amesikia."

"Mwambie asiuvute ule mkono kama anakamua ng'ombe. Auache uende wenyewe, yeye auonyeshe njia tu. Akiwa fri ahesabu moyoni kidogo, gia zipumue. Halafu ndiyo mafuta, kidogo, kama mtu anayekohoa."

Nashuka. Kumbuka kwamba baba ana sauti iliyozoea mashamba ya chai. Alipoongea barazani, mke wangu alisikia kila neno, na nyumba ya tatu walisikia. Lakini mila ni mila, neno lilikuwa halijafika mpaka lipite mdomoni mwangu. Siku ya sifa ndiyo iliyokuwa mbaya. "Mwambie hapo ameipatia. Mwambie hata mimi sikuwahi kuipatia hivyo kwenye ule mteremko." Niliyabeba maneno hayo kushuka mlima kama mtu anayempelekea mchumba wake mwenyewe posa ya mwanaume mwingine. Nilimwambia mke wangu, naye akatabasamu akiangalia usukani, na lile tabasamu likaniuma kuliko maneno.

Nilijaribu kupambana. Siku za kazi, yeye akiwa shuleni, nilitoroka dukani nikaja kufanya mazoezi, na siku moja nilipika klachi mpaka mtaa mzima ukanuka. Halafu nikawa mtetezi wa mila. Mimi, ambaye kwenye harusi ya binamu yangu nilicheza na mama mkwe wake mpaka watu wakaguna, nilianza kuwaambia watu mezani kwamba kufundishana gari hata kwa mbali si heshima, kwamba sauti nayo ni sawa na uso, na wazee wa zamani wasingekubali. Mama alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Una wivu," alisema. "Kula."

Ikaja safari ya Iringa. Rafiki wa baba, waliyefanya naye kazi Kilolo, alikuwa anaadhimisha miaka mingi ya ndoa yake, na maharusi hao walipelekwa kanisani zamani hizo na gari hili hili, baba akiwa dereva. Baba akasema atakwenda nalo. Si kwa basi wala kwa gari langu. Na dereva ni mimi, kwa kuwa hakuna dereva mwingine anayeweza kukaa naye chumba kimoja cha gari. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilijiambia, milima yote ile, Makambako, Mafinga, mpaka ile ya mwisho ya kupandia mjini Iringa, atanisikia.

Mama ndiye aliyeharibu. Alisema mkwe naye lazima aende, Kilolo kwao ni hukohuko Iringa, hataachwa nyuma kama mzigo. Baba akauliza atakaaje. Mama akatoa kitenge, akakifunga kwa kamba kutoka mlango hadi mlango, katikati ya viti vya mbele na vya nyuma. Kioo cha ndani kikageuziwa juu. Baba na mama wakakaa nyuma ya pazia, mimi na mke wangu mbele. Tulitoka Uyole asubuhi yenye ukungu, watu wanne ndani ya nafasi isiyozidi kitanda, na wawili kati yao, kwa mujibu wa mila, hawakuwepo.

Nilijitahidi. Mteremko wa kuingia Usangu niliushuka kwa gia namba tatu bila kusaga, na nilitega sikio nyuma kama nitasikia neno. Nilisikia mama akimenya chungwa. Pale mbele ya Chimala ng'ombe walikuwa wanavuka, kundi kubwa la wale wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, ng'ombe wa pembe ndefu wasio na haraka yoyote. Nikapunguza. Nikaweka namba mbili, gari likaanza kutetemeka, sasa ilinibidi nishuke moja huku tunatambaa. Nikakanyaga, nikaweka fri, nikaachia, nikakanyaga mafuta mengi mno, na nikasikia ile kelele. Nikasukuma kwa hasira. Mkono wa gia ukagoma katikati, hauendi juu wala chini, na injini ikazima. Ng'ombe mmoja akaegemeza kidevu kwenye boneti. Mfugaji alisimama na fimbo yake akitutazama kwa huruma ya kweli, na huruma yake ndiyo niliyoichukia zaidi.

Mke wangu alishuka bila kuambiwa. Akafungua boneti, akaingiza mkono kwenye vile vyuma vinavyounganisha usukani na giaboksi, akakitikisa kimoja, nikasikia mkono wa gia ukilegea mkononi mwangu. Akafunga boneti na kujipangusa kwa majani.

Kisha kutoka nyuma ya kitenge sauti ya baba ikaja, taratibu, bila ukali. Afadhali angefoka.

"Mwambie mkwe ashike usukani."

Yeye alikuwa amesimama nje dirishani kwangu. Alisikia. Ilinibidi niseme hata hivyo.

"Baba anasema ushike usukani."

Tukabadilishana viti. Nikawa abiria, na kwa kuwa pazia lilimzuia kuona nyuma na kioo cha pembeni kwangu kilishavunjika, nikawa pia mtu wa kuchungulia dirishani na kumwambia kama kuna lori. Tulipandisha kuelekea Makambako na darasa likaanza upya.

"Mwambie ashike tatu mapema, asisubiri gari liombe."

"Baba anasema ushike tatu mapema."

"Mwambie ndiyo."

"Anasema ndiyo."

"Mwambie vizuri."

Sitaki kudanganya, roho iliniuma mpaka nikawa nasikia uchungu mdomoni. Niliitazama mikono yake. Alikuwa anaigusa ile gia kwa vidole viwili, na gari lilikuwa linapita kutoka namba moja hadi nyingine bila kujua. Mafinga tulisimama kunywa chai. Baba alikunywa ndani ya gari, mke wangu alikunywa nje, upande wa pili wa boneti, na mimi nilipeleka hata habari ya sukari. Nilitamani gari life palepale. Nilitamani apate kosa moja, kosa dogo tu, moja, asage mara moja baba asikie.

Tukateremka mpaka Ipogolo na kuanza kupanda mlima wa kuingilia mjini. Mbele yetu lori la mizigo lilikuwa linapanda kwa kulazimishwa, moshi mweusi, mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yetu, nilipochungulia, lori jingine lilikuwa limeshatukaribia kiasi kwamba niliona nzi kwenye kioo chake. Hendibreki ya gari lile haijawahi kushika mlimani. Tukisimama tunarudi nyuma. Namba mbili ilianza kuchoka, gari likaanza kutikisika, na ilibidi aingize moja, gari likitembea, palepale, kwa mara moja.

Nilijua huu ndio wakati wa kosa lake. Na nakiri ya moyoni kama yalivyokuwa: sehemu yangu moja ilikuwa inasubiri kwa hamu, ingawa kosa hilo lingetuua wote.

Alikanyaga, akaweka fri. Gari likaanza kupoteza mwendo. Alikuwa anasikiliza, mguu wake wa kulia juu ya mafuta, na nikaona vidole vyake vinasita. Hakuwa na uhakika. Nyuma ya kitenge baba akaanza, "Mwambie," na mimi nikageuza shingo kupokea, lakini hakumaliza. Hapakuwa na nafasi ya neno kupita kwangu.

"Sasa, mama," baba alimwambia mkwe wake. "Sasa."

Mafuta, kidogo, kama mtu anayekohoa. Klachi. Moja ikaingia kimya kabisa. Gari likashika, likapanda.

Tukafika juu. Barabara ilipopanuka mke wangu alisogea pembeni na kusimama. Hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyofanya anapopishana na baba uani. Mama ndiye aliyeanza.

"Umeshaongea naye. Sasa mtoe mafichoni, usimwache katikati."

"Najua," baba alisema.

"Na hapa hatuna ng'ombe."

Nikasikia kitu kikigongana mfukoni mwake. Mkono wake ukapita pembeni ya kitenge, upande wangu, umeshika ule ufunguo wa pili wa gari, ule ambao hakuna aliyewahi kuugusa zaidi yake, na kadi ya gari imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mpe," aliniambia.

Niliupokea. Ulikuwa na joto la mfuko wake. Nikaushika kitambo kirefu kuliko ilivyofaa, kisha nikauweka kwenye kiganja cha mke wangu, na yeye akanitazama mimi, si ufunguo. Mama alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Kitenge kikaanguka. Mke wangu akageuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe akamwangalia baba yangu usoni.

"Ndaga, mwanangu," baba alimwambia. Hiyo ni asante yetu.

"Ndaga, baba," alijibu, kwa lafudhi ya Kihehe, na wote wawili wakacheka kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Akawasha gari. Baba alisogea mbele mpaka viwiko vyake vikaegemea kiti cha mke wangu, akaanza kuongea, na sijawahi kumsikia akiongea vile. Alimwuliza juu ya lori la baba yake, lilikuwa na gia ngapi, walivukaje ule mto wa Kilolo wakati wa masika. Yeye alijibu. Baba alimwelekeza njia za mjini, hapa palikuwa na karakana, pale alinunulia gari hili. Maneno yalipita juu ya bega langu kwenda na kurudi, bila kuniomba njia.

Nilikaa na mikono yangu magotini. Nilitaka kuwakasirikia na nikashindwa kujua nianzie kwa nani, kwa sababu jambo lililokuwa linanikaba lilikuwa jingine. Zile Jumapili zote za kupanda na kushuka ule mlima nikibeba sifa za mtu mwingine, nikiuma meno, baba alikuwa anaongea na mimi. Alikuwa ananiambia jinsi gia zinavyopumua. Alikuwa ananiita kwa mkono nisogee, ananirudishia neno kama nimelisahau, anauliza amejibuje. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kuongea kiasi hicho, na mimi nilikuwa naona wivu tu.

"Mbele hapo kona ni mbaya," baba alisema. "Shuka mbili mapema."

Nikageuka kwa mke wangu. "Baba anasema kona ni mbaya, ushuke—"

"Nimemsikia," alisema kwa upole, na akashuka mbili.